Shule Ikifungwa, Nyumba Isifungwe

Imekuwa desturi miongoni mwetu kudhani kuwa elimu ya mtoto ni kazi ya shule peke yake, na kwamba sehemu ya mzazi ni kutoa michango, kununua sare na madaftari, na kumwamsha mtoto alfajiri asije akachelewa. Kengele ya mwisho ya muhula ikilia, wengi wetu huona kuwa shughuli ya elimu nayo imesimama mpaka kengele nyingine itakapolia. Mtoto huachiwa uwanja, barabara na televisheni, na mzazi hushukuru kuwa amepumzika kidogo na gharama. Makala haya yanakusudia kuonesha kuwa dhana hiyo ni kosa, na kwamba anayelilipia kosa hilo si mzazi, bali ni mtoto, tena hulilipia kwa miaka mingi.

Ndugu wasomaji, shule zetu hufungwa kwa sababu nyingi. Zipo likizo za kawaida. Yapo mafuriko, kama yale ya mwaka 2024 ambayo yaliifanya serikali ya Kenya kuahirisha muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei. Na yapo maradhi. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya UVIKO-19, shule za Kenya, Tanzania na Uganda zilifungwa zote katika muda wa juma moja. Tanzania zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni mwaka huo huo, baada ya majuma yapatayo 15. Kenya, wanafunzi walio wengi walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Uganda, ukiacha vipindi vifupi ambavyo baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi, milango haikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, takriban miaka miwili. Hakuna awezaye kutuahidi kuwa hali kama hiyo haitarudi. Basi inatupasa kujiuliza mapema: siku ikirudi, mtoto wangu mdogo atakuwa na nini nyumbani?

Hasara isiyoonekana

Huenda mtu akasema: majuma 15 ni kitu gani? Mtoto atarudi shuleni na yote aliyoyakosa atayapata. Maneno haya yanafariji, lakini yaliyotokea Pakistan hayakubaliani nayo. Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliikumba kaskazini ya nchi hiyo, likaua makumi ya maelfu ya watu na kubomoa shule nyingi. Katika eneo lililoathirika, watoto walikosa shule kwa wastani wa majuma 14 hivi. Baada ya miaka minne, watafiti Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwafuatilia watoto hao. Walikuta kuwa misaada ilikuwa imefika, nyumba zimejengwa upya na maisha ya watu kwa jumla yamerudi mahali pake. Lakini katika mitihani, watoto waliokuwa wakiishi karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao wa mbali kwa kiasi cha masomo ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Walikosa majuma 14, wakapoteza zaidi ya mwaka!

Yawezekanaje? Fikiri juu ya mtoto wa darasa la pili ambaye hajaimarika katika kusoma. Shule inafungwa, na kile kidogo alichokijua kinafifia. Shule inapofunguliwa, mwalimu mwenye watoto sabini na muhtasari mrefu hawezi kumrudia mmoja mmoja, naye husonga mbele na somo. Mtoto aliyeachwa nyuma hatua moja haelewi la leo kwa sababu hakulijua la jana, na kesho hataelewa zaidi. Hivyo hasara haisimami siku shule inapofunguliwa, bali huendelea kukua darasani, kimyakimya, na mzazi asitambue mpaka siku ya matokeo.

Lakini utafiti ule ule ulionesha jambo lingine, nalo ndilo la kulishika. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza angalau elimu ya msingi hawakuwa nyuma hata kidogo. Tetemeko lilikuwa lile lile na shule zilizofungwa zilikuwa zile zile, ila ndani ya nyumba zao alikuwamo mtu aliyeweza kuketi na mtoto. Tuzingatie kuwa hawa hawakuwa walimu wala wasomi wa chuo kikuu. Elimu yao haba ilitosha kuwa ngao kwa watoto wao. Basi anayesitasita kumsomesha binti yake na atambue kuwa anayemnyima si binti huyo tu, bali na wajukuu watakaozaliwa.

Chombo bila mtu hakifundishi

Wako wanaosema kuwa zama hizi jambo hili limekuwa jepesi, kwani ipo redio, ipo televisheni, na ipo simu. Ni kweli kuwa vyombo hivi vina faida, na mwaka 2020 vilitumika kurusha vipindi vya masomo hapa kwetu. Walakini, yafaa tujue faida yake inaishia wapi. Katika mwaka huo huo wa 2020, shule za Botswana zilipofungwa, familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi ziligawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilitumiwa kila juma ujumbe mfupi wa simu wenye hesabu nyepesi za kufanya. Fungu la pili lilitumiwa ujumbe huo huo, na juu yake mwalimu aliwapigia simu kwa muda wa dakika 15 hadi 20, mzazi na mtoto wakasikiliza pamoja na kuifanya hesabu pamoja. Fungu la tatu halikupewa kitu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalikuwa kwamba watoto waliopigiwa simu waliendelea vizuri katika hesabu, ilhali wale waliotumiwa ujumbe peke yake hawakupata faida ya kutajika. Tena wazazi waliopigiwa simu walijua kwa usahihi zaidi watoto wao wamefikia wapi.

Dakika ishirini kwa juma, kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti! Kilichotenganisha mafungu mawili ya kwanza hakikuwa chombo, kwani simu zilikuwa zile zile. Ni sauti ya mtu aliyeuliza, akasubiri jibu, akasahihisha. Jambo hili lilifahamika Zanzibar zamani kabla ya UVIKO-19: vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vilivyoanzishwa katika miaka ya 2000 kwa ajili ya watoto wadogo, vilitungwa kwa michezo na nyimbo, na viliacha nafasi ili mtoto ajibu, huku mtu mzima akiwa pamoja nao kuwaongoza. Basi anayemkabidhi mtoto simu ili apate utulivu, asidhani kuwa amemkabidhi kwa mwalimu.

“Mimi sikusoma”

Hoja inayosikika mara nyingi ni hii: “Mimi mwenyewe sikusoma, nitamfundisha nini?” Mzazi asemaye hivi anajidhulumu. Mtoto wa miaka mitano hadi minane hahitaji mtaalamu, bali anahitaji mambo manne ambayo kila nyumba inayo.

Kwanza, mazungumzo. Mtoto asiyezungumzishwa huingia darasani na maneno machache, na asiyelijua neno hawezi kulielewa hata akilisoma. Msimulie hadithi uliyosimuliwa na bibi yako, kisha mwambie naye aisimulie. Mtegee vitendawili. Muulize: kwa nini yalitokea haya, na wewe ungefanyaje? Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani uijuayo vizuri, wala usione haya kuwa si Kiingereza.

Pili, kusoma kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza. Mtoto na asome kila siku ukurasa mmoja wa kitabu chake, au maandishi ya mfuko wa unga, au tangazo la ukutani, nawe umuulize: “Umesoma nini? Nieleze.” Akikwama unapojua, msaidie, usipojua, mwite dada au kaka yake. Mkubwa anayemsomesha mdogo hujisomesha mwenyewe, kama tunavyoona katika vyuo vyetu vya Kurani, ambamo mwanafunzi aliyetangulia humshika mkono anayeanza.

Tatu, hesabu za kazi za kila siku. Mama muuza maandazi asiyekwenda shule hujumlisha na kutoa haraka kuliko mtoto wa darasa la nne. Hiyo ni elimu, naye aigawe. Mtoto na apime mchele kwa kikombe, ahesabu sahani za watu waliopo, atumwe dukani na aulizwe kabla ya kwenda: “Nimekupa elfu mbili, sukari ni mia nane, utarudi na ngapi?”

Nne, kuandika. Palipo na daftari na litumike. Pasipo na daftari upo mchanga uani na mkaa jikoni. Mtoto aandike jina lake, majina ya ndugu zake, na vitu vya kununua sokoni.

Katika yote haya, anzia pale mtoto alipo, wala si pale darasa lake linapodai kuwa yupo. Ikiwa yupo darasa la tatu na silabi zinamshinda, mrudishe kwenye silabi bila kumwaibisha. Wala usichukue fimbo. Mtoto anayechapwa kwa kukosa jibu hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hujui amekwama wapi. Nusu saa kila siku inatosha kwa umri huu. Haba na haba hujaza kibaba.

Akina baba wako wapi?

Hoja nyingine ni ya muda. Baba anasema anatafuta riziki, anarudi amechoka, na watoto ni kazi ya mama. Huyo mama naye anatafuta riziki, akirudi anapika, anafua na kuogesha. Ni uadilifu gani huo wa kumwongezea yeye na ualimu? Huo utafiti wa Pakistan usisomwe kana kwamba akina baba wamesamehewa. Mtu anayepata saa nzima ya barazani kuujadili mpira hakukosa nusu saa, ila ameipeleka kwingine. Vivyo hivyo, binti asielemewe na ndoo na vyombo wakati kaka yake yuko huru kushika kitabu. Shule ikifungwa, kazi za nyumbani humwangukia binti kwanza. Na aliyeachishwa kitabu kwa muhula mmoja ni rahisi kuachishwa kabisa.

Hapa ndipo jamaa za misikiti zinaweza kufanya jambo. Karibu kila mtaa wetu una msikiti, na kila msikiti una ukumbi au baraza iliyo wazi, na una saa moja baina ya Magharibi na Isha ambayo watu wamekwisha kukusanyika. Miongoni mwa wanaosali mna walimu, walimu wastaafu na vijana waliomaliza kidato cha nne. Kamati ya msikiti haihitaji mfadhili kutandika mkeka, kuwagawa watoto kwa kadiri ya wajuavyo na si kwa madarasa yao, na kuwasomesha kusoma na kuhesabu siku tatu kwa juma wakati wa likizo, wavulana na wasichana. Pakiwa na maradhi ya kuambukiza na mikusanyiko imezuiliwa, mwalimu yule yule anaweza kupiga simu nyumba kumi kwa juma, kama walivyofanya wenzetu wa Botswana.

Mwenye mali shule zikifungwa humwita mwalimu wa tuisheni, na mtoto wake hukaa mbele ya kompyuta. Mtoto wa muuza maandazi na wa mvuvi hana isipokuwa wazazi wake na jirani zake. Tukiketi naye, atarudi darasani akiwa amesimama mahali pake. Tusipoketi naye, kila kufungwa kwa shule kutaupanua mwanya baina yake na mtoto wa tajiri, kisha tutakuja kusema kuwa hakujaliwa akili.

Enyi wazazi, mtoto ni amana, na amana haina likizo. Jioni ya leo, kabla ya kulala, mwite mtoto wako aje na kitabu chake, umwambie: “Nisomee.” Utakayoyasikia ndiyo yatakayokuonesha pa kuanzia.