Marekani: Uovu wa moyo na wepesi wa bunduki

Machi 13, 1996, mtu mmoja mwenye bastola nne aliingia katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi ya Dunblane, mji mdogo wa Scotland, akawaua watoto 16 pamoja na mwalimu wao, kisha akajiua. Siku iliyofuata mwalimu mkuu wa shule hiyo aliwaambia waandishi wa habari kwamba uovu ulikuwa umewatembelea, na kwamba hawakujua sababu yake wala hawakutarajia kuja kuielewa.

Desemba 14, 2012, kijana wa miaka 20 aliingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, jimbo la Connecticut nchini Marekani, akawaua watoto 20 na watu wazima sita. Siku hiyo hiyo gavana wa jimbo, Dannel Malloy, akatamka maneno ambayo yangeweza kuwa yametoka katika kinywa cha yule mwalimu mkuu: uovu umeitembelea jamii hii leo.

Misiba hiyo inafanana hadi katika umri wa watoto waliouawa. Kilichofuata ndicho kisichofanana. Nchini Uingereza zaidi ya watu 700,000 walitia saini zao kudai sheria ibadilishwe, na kabla ya mwaka 1997 kwisha zilikuwa zimepitishwa sheria mbili, moja chini ya serikali ya John Major na nyingine chini ya Tony Blair, zilizopiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Nchini Marekani muswada uliotaka kila anayenunua bunduki katika maonyesho ya silaha au kupitia intaneti achunguzwe kwanza rekodi yake ulianguka katika Baraza la Seneti Aprili 17, 2013. Ulipata kura 54 dhidi ya 46, nao ulihitaji 60.

Swali la kujiuliza ni kwa nini neno lile lile liliwasukuma Waingereza kuchukua hatua, na huko Marekani likawa kana kwamba ndilo jibu lenyewe.

Wanaotetea umiliki wa silaha nchini Marekani wana hoja ambayo wengi nje ya nchi hiyo huipuuza haraka mno. Wanasema bunduki ni chuma tu. Haina nia, haina chuki, haiamki asubuhi ikapanga njama. Anayeua ni mtu, na mtu huua kwa sababu moyo wake umeharibika. Oktoba 2023, siku moja baada ya watu 18 kuuawa kwa risasi mjini Lewiston, jimbo la Maine, Spika mpya wa Baraza la Wawakilishi, Mike Johnson, alisema katika televisheni kwamba tatizo ni moyo wa binadamu, si silaha. Kwa wapiga kura wake, ambao wengi ni Wakristo wa kiinjili, kauli hiyo haikuwa ujanja wa kisiasa. Ndiyo imani yao, na kwa kweli ni imani inayoshirikiwa na watu wa dini nyingi duniani.

Hata sisi huku tunaijua. Mara ngapi mshtakiwa amesimama kizimbani akasema shetani alimpitia? Hakimu hamkatalii. Hafungui mjadala kuhusu shetani, wala hamwiti shahidi wa kuthibitisha kwamba shetani hayupo. Anauliza panga lilitoka wapi, nani alikuwapo, na muda gani ulipita kati ya ugomvi na pigo. Maswali hayo yanaweza kujibiwa.

Ndipo penye udhaifu wa hoja ya moyo. Si kwamba ni ya uongo. Ni kwamba haijibu lile linaloulizwa. Hakuna bunge lililowahi kujidai kuwa litafuta uovu kwa kura. Kinachobishaniwa ni mtu mwovu ataweza kuua wangapi kabla hajazuiwa, na hilo hutegemea sana kile alichoshika mkononi.

Ushahidi mzito kuhusu jambo hili ulitokea siku ile ile ya Sandy Hook. Saa chache kabla, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Guangshan, mkoa wa Henan nchini China, mtu mwenye kisu aliwavamia wanafunzi wa shule ya msingi, akawajeruhi watoto 23 na mwanamke mmoja mzee. Hakufa hata mmoja. Isemwe pia, kwa haki, kwamba kisu si mchezo: Juni 2001 mtu mmoja aliwaua watoto wanane kwa kisu katika shule ya Ikeda, Osaka, nchini Japani. Na mjini Nice, Ufaransa, Julai 2016, lori liliwaua watu 86. Mwovu aliyedhamiria hupata njia. Lakini njia hazilingani, na anayetaka kutunga sheria hana budi kuzipima.

Chukua tukio la Las Vegas. Usiku wa Oktoba 1, 2017, mtu mmoja akiwa katika ghorofa ya 32 ya hoteli aliwafyatulia risasi maelfu ya watu waliokuwa katika tamasha la muziki. Kwa takribani dakika 10 alifyatua risasi zaidi ya 1,000. Waliokufa siku zile walihesabiwa kuwa 58. Baadaye, wengine wawili walipofariki kutokana na majeraha yao, idadi ikawa 60. Rais Donald Trump alikiita kitendo hicho uovu mtupu. Wapelelezi wa FBI walichunguza kwa zaidi ya mwaka, wakahitimisha kwamba hawakuona sababu moja iliyo wazi. Mtu huyo hakuacha waraka wala dai, wala hakuwa na kundi nyuma yake. Kama kuna tukio ambalo neno uovu linalistahili, ni hilo.

Lakini kasi ile ya risasi haikutoka moyoni. Ilitokana na kifaa kinachofungwa kwenye kitako cha bunduki, ambacho huifanya bunduki ya kawaida ikaribie mwendo wa bunduki ya rashasha. Serikali ya Trump yenyewe, iliyokuwa imezungumza juu ya uovu mtupu, ilikipiga marufuku kifaa hicho mwishoni mwa 2018. Kwa maneno mengine, mara hiyo walielewa kwamba mtu anaweza kuuamini uovu na bado akaondoa chombo chake. Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ilitengua marufuku hiyo kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwa hoja ya tafsiri ya maneno ya sheria ya zamani inayohusu rashasha.

Malloy naye alilielewa. Gavana aliyesema uovu umeitembelea jamii yake ndiye aliyetia saini, Aprili 4, 2013, mojawapo ya sheria kali kabisa za silaha nchini Marekani wakati huo. Hakuona mgongano wowote kati ya kauli yake na kalamu yake.

Kuna nusu ya pili ya hoja ya uovu, nayo ndiyo inayouza bunduki. Wiki moja baada ya Sandy Hook, Wayne LaPierre, aliyekuwa akiongoza Chama cha Kitaifa cha Bunduki, NRA, alitoa kauli iliyozunguka dunia: kinachomzuia mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki. Uzuri wa kauli hiyo kwa anayeisikia ni kwamba humgawia nafasi katika hadithi. Kila msikilizaji yumo katika kundi la wema. Katika utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2023, asilimia 72 ya wamiliki wa bunduki walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa ya kuwa nayo.

Wakati mwingine mambo huwa hivyo kweli. Julai 2022, katika jumba la maduka mjini Greenwood, Indiana, kijana raia mwenye bastola alimpiga risasi muuaji ndani ya sekunde chache na bila shaka aliokoa maisha. Lakini miezi miwili kabla ya hapo, Mei 24, 2022, huko Uvalde, Texas, maofisa 376 wenye silaha walikusanyika katika shule ya msingi ya Robb, na ilichukua dakika 77 kabla muuaji hajakabiliwa na kuuawa. Watoto 19 na walimu wawili walikufa. Watu wema walikuwapo wengi. Baadhi yao baadaye walieleza walichokiogopa: aina ya bunduki aliyokuwa nayo kijana wa miaka 18, ambayo aliinunua kihalali siku chache baada ya kutimiza umri huo.

Lakini hata Uvalde na Las Vegas, pamoja na ukubwa wa majonzi yake, hazitupi picha kamili. Mwaka 2023 watu wapatao 46,700 walikufa kwa risasi nchini Marekani. Kati yao, takribani 27,300 walijiua wenyewe. Waliouawa na wengine walikuwa karibu 17,900, na waliokufa katika mauaji ya halaiki ni sehemu ndogo sana ya hao.

Takwimu hizo ndizo zinazoivunja hadithi ya mwema na mbaya. Katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo hakuna mtu mbaya. Kuna mkulima wa Montana mwenye madeni, mjane, askari mstaafu asiyelala usiku, kijana aliyeachwa na mchumba. Watafiti wamebaini kwamba takribani majaribio tisa kati ya kumi ya kujiua kwa bunduki huishia kwa kifo, tofauti kubwa na anayemeza vidonge, ambaye mara nyingi huwahiwa. Na wengi wanaonusurika mara ya kwanza hawafi kwa kujiua baadaye. Bunduki ilinunuliwa kwa ajili ya jambazi wa usiku ambaye pengine hatakuja kamwe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa maana yake ni droo ya kando ya kitanda.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, upande wa pili nao umechangia kuukwamisha mjadala. Wanaodai udhibiti hupenda kuzungumza lugha ya afya ya jamii, ya asilimia na vihatarishi, na huona haya kutamka neno uovu, kana kwamba ni neno la watu wasiosoma. Mama anayeishi peke yake mashambani, ambako gari la polisi huchukua dakika 40 kufika, hajibiwi kwa jedwali. Yeye ameuona uovu, au amesimuliwa na jirani aliyeuona. Ukimwambia hofu yake ni ujinga, hakusikilizi tena, na anayemsikiliza ni muuza bunduki.

Wengine hukimbilia ugonjwa wa akili, na hilo nalo ni neno la kufungia mjadala, kwa kuwa wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu. Lewiston inaonyesha mahali palipo na kazi ya kufanya. Ndugu wa muuaji walikuwa wametoa taarifa, askari wenzake wa akiba walikuwa wameonya, na Maine ilikuwa na sheria ya kuwezesha silaha kuchukuliwa kwa amri ya mahakama. Tume huru ilihitimisha mwaka 2024 kwamba ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya ilikuwa na sababu za kutosha kumkamata na kuanza kuchukua silaha zake. Haikufanya hivyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuona mjadala huu ni wa ajabu, maana huku umiliki wa silaha ni ruhusa, si haki ya kikatiba. Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya kupitia bodi yake ya leseni, humtaka mwombaji aeleze anahitaji silaha kwa sababu gani. Nchini Marekani swali hilo limegeuzwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yalitafsiriwa na Mahakama ya Juu mwaka 2008 kuwa yanalinda haki ya mtu binafsi, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaitengua sheria ya New York iliyodumu zaidi ya karne moja, iliyomtaka anayetembea na bastola aonyeshe sababu maalumu. Sasa serikali ndiyo yenye mzigo wa kujieleza. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa 2017 raia wa nchi hiyo walikuwa na bunduki milioni 393, idadi inayozidi ya watu wenyewe. Hakuna sheria ya Dunblane inayoweza kupachikwa hapo kama kiraka.

Hata hivyo, mlango haujafungwa wote. Mwezi mmoja baada ya Uvalde, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoungwa mkono na baadhi ya Warepublican, iliyoongeza uchunguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Na Juni 2024 Mahakama ya Juu ile ile ilikubali, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenza wake anaweza kunyang'anywa silaha. Hapo majaji hawakuuliza kama moyo wake ni mwovu. Waliangalia alichokwisha kufanya.

Wakosoaji wa udhibiti watataja Australia, na wana haki. Nchi hiyo, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur Aprili 1996, ilinunua na kuharibu bunduki zaidi ya 640,000. Bado Desemba 14, 2025, watu 15 waliuawa katika ufukwe wa Bondi, Sydney, wakati wa sherehe ya Wayahudi ya Hanuka. Waziri Mkuu Anthony Albanese naye alitumia neno uovu. Siku chache baadaye alitangaza mpango mpya wa kununua bunduki kutoka kwa raia, kwa kuwa mmoja wa washambuliaji alikuwa na leseni na silaha zilizosajiliwa.

Scotland na Uingereza kwa jumla hazijaona tena mauaji ya halaiki ya risasi shuleni tangu 1996. Uovu haukuhama. Julai 29, 2024, mjini Southport, kijana wa miaka 17 aliingia katika darasa la dansi la watoto wakati wa likizo, akawaua wasichana watatu na kuwajeruhi watu wengine 10. Alikuwa na kisu. Alikinunua kupitia intaneti, na mara kesi yake ilipokwisha Januari 2025, serikali mjini London ilianza kuwauliza wafanyabiashara wa mtandaoni jinsi kisu hicho kilivyoweza kumfikia mtu wa umri huo.