Mlituhesabu, Kwa Hiyo Mlijua Tunakuja



Juzi nilikuwa kijiweni Dongobesh. Pikipiki zimepangwa foleni, abiria hakuna. Akapita kada mmoja wa chama tawala akatushushia hotuba yao ileile: vijana jiajirini, mmekuwa wengi mno, serikali haiwezi kumwajiri kila mtu. Wenzangu wakacheka. Mimi nilikasirika, maana hapo kwenye "mmekuwa wengi" ndipo wanapojificha.

Tuchukue namba zao wenyewe. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Ya 2012, milioni 44.9. Ya 2022, milioni 61.7. Manyara yetu peke yake ilitoka watu 1,425,131 mwaka 2012 ikafika 1,892,502 mwaka 2022. Na katika kila Watanzania 100, karibu 43 wana umri chini ya miaka 15.

Sasa fikiria kidogo. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa ya 2022 atatimiza miaka 15 mwaka 2037. Yupo kwenye madaftari yao tayari. Nguvu kazi haiji kama mafuriko ya usiku, inaonekana miaka 15 kabla haijabisha hodi. Sisi tunaozeeka kijiweni leo tulihesabiwa tukiwa watoto. Mlituhesabu, mkatuwekea chanjo, mkatupangia madarasa. Leo mnashangaa nini?

Tena kuna dharau humo. Mwaka 2018 Rais wa nchi alisimama Meatu akawaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango, akasema wanaoutumia ni wavivu. Haya, watoto wamezaliwa. Wakikua wanaambiwa wamezidi. Mtushike lipi?

Niwaambie hesabu ya nyumbani kwetu, maana wengi mtajiona humo. Babu yangu alitoka Kainam akiwa kijana, kwa sababu huko milimani mashamba yalishabanana. Akafyeka ekari 20 huku chini. Baba na ndugu zake watatu wakagawana, kila mmoja ekari 5. Sisi kwa baba tuko sita. Gawa mwenyewe. Kwa vizazi kadhaa Wairaqw walikuwa na jibu moja la uhaba wa ardhi: kijana anahama. Walienda Karatu, Babati, Hanang, mara nyingine kwenye malisho ya wenzao. Jibu hilo limeisha. Hakuna pori la kufyeka linalotusubiri.

Na Hanang? Ndugu zetu Wabarabaig wanajua ardhi yao ilikoenda. Kuanzia miaka ya 1970 takriban ekari 100,000 za malisho yao bora, uwanda wa Basotu, zilichukuliwa na NAFCO kwa mashamba ya ngano, kwa msaada wa Kanada. Wanakijiji wa Mulbadaw walienda hadi mahakamani. Yakaletwa matrekta na mashine za kuvunia, kazi ambayo haihitaji watu wengi. NAFCO ilishakufa, na mpaka leo ngano nyingi tunayokula inatoka nje. Kwa hiyo mfugaji alipoteza malisho, kijana hakupata ajira, na taifa halikujitosheleza kwa mkate. Huo ndio mpango wa watu wanaotuambia tujiajiri.

Najua kuna mtu atasema dawa ni kupunguza kuzaa. Jamani, kuzaa kunapungua tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke Mtanzania alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 6; utafiti wa 2022 ulikuta 4.8. Ndiyo maana mwaka 2012 kila watu 100 wa umri wa kazi walibeba wategemezi kama 92, na mwaka 2022 kama 87. Mlango unafunguka, polepole. Korea Kusini nao mwaka 1960 walikuwa na watoto kama 6 kwa kila mama. Mlango ulipofunguka walikuwa wameshajenga shule na viwanda vya kuwapokea vijana wao. Sisi unafunguka tunaangalia pikipiki.

Mkopo je? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi chetu tuliandika andiko, tukafungua akaunti, tukazungushwa miezi minane kwenye ofisi moja, siitaji. Aprili 2023 serikali yenyewe ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima kwa sababu ya madudu. Waliokula ni wao, walioadhibiwa ni sisi.

Na sisi tuambiane ukweli. Kupiga kelele "ajira kwa vijana" bila kusema ajira gani, wapi, ni uvivu. Kitunguu saumu cha Bashay kinaondoka kwenye magunia kama kilivyong'olewa, faida inabaki kwa anayekifungasha mbele ya safari. Tudai kisindikwe Mbulu. Tudai daftari la ardhi la kila kijiji liwekwe wazi, tujue nani ana nini. Tudai orodha ya waliopewa ile asilimia 4, kata kwa kata.

Tuanzie wapi? Mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Huwa tunawaachia wazee na mtendaji. Mkutano ujao tujaze viti, tuulize mapato na matumizi, tusiondoke bila majibu.

Wanasema tuko wengi mno. Sawa. Basi safari hii watuone jinsi tulivyo wengi.