Macho Barabarani, Akili kwa Malkia

Kuna imani imejikita vichwani mwa madereva wetu, na huwa inatamkwa kwa sauti ya mtu aliyeiva kazini: mikono ikiwa kwenye usukani na macho yakiwa mbele, kichwa ni mali ya dereva mwenyewe, akitumie atakavyo. Imani hiyo ndiyo inayohalalisha simu ya kwenye spika kutoka Chalinze hadi Morogoro, na ndiyo inayohalalisha ubishi wa Simba na Yanga unaomfanya suka apige usukani kofi. Wajanja zaidi huitumia kutetea hata mchezo wa sataranji wa kutamkiana. Simu ipo kwenye kishikizo chake, mpinzani yuko Mwanza au Nairobi, kila mmoja ana ubao wake kichwani. Dereva anataja nyumba anakompeleka farasi, mwenzake anajibu, safari inaendelea. Hakuna kilichoshikwa wala kioo kilichotazamwa, kwa hiyo, wanasema, hakuna kosa.

Nimeichagua sataranji kwa makusudi. Mtu anayechati akiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hana wakili tena. Katika mwendo huo gari hupita mita 22 kila sekunde. Akiinamia ujumbe wake kwa sekunde tano amekwishapita mita 110, yaani uwanja mzima wa mpira, akiwa hauoni. Huyo tumeshamhukumu, ingawa bado tunapanda gari lake. Huyu wa sataranji ndiye wa kubishana naye, kwa sababu amesikia lawama zote za mikono na macho akazikwepa zote. Akishindwa yeye, wale wengine wote wa spika na vifaa vya masikioni hawana pa kusimama.

Shahidi wangu wa kwanza namtoa kijiweni. Nani hajawahi kusimama mbele ya mwendesha bodaboda aliyeinamia drafti ya vizibo vya soda, akamwita mara moja, akamwita tena, jamaa akainua macho, akamtazama usoni kabisa, kisha akarudi kwenye kete zake? Hana dharau, mara nyingi ni kijana mwenye heshima zake. Alikutazama na hakukuona, kwa kuwa alikuwa bado anahesabu kwamba akilisha kete hii ataliwa mbili ila atapata kingi. Sasa huyo aliyekuwa mteja, mwenye hela mkononi, mtu ambaye kijana yule anamngoja tangu asubuhi, hakuonekana kwa umbali wa hatua mbili. Mpandishe kijana huyohuyo kwenye lori la tani 30, na drafti ihamie kichwani. Mtoto anayevuka barabara Ruaha Mbuyuni ataonekana kwa macho yapi?

Wanasayansi wameupima ujinga huu wetu kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka watu kwenye kazi iliyoigiza udereva, wengine wakizungumza kwa simu. Waliokuwa wakizungumza walikosa kuziona taa nyekundu mara mbili zaidi na ushei kuliko walipokuwa kimya, na hata walipoiona taa walichelewa kuitikia. Simu ya mkononi na simu isiyoshikwa hazikupishana. Waliosikiliza redio tu hawakudhurika. Miaka miwili baadaye Strayer na wenzake walifuatilia hata mwendo wa mboni za madereva waliokuwa kwenye mashine ya kuigiza udereva. Walioongea na simu walielekeza macho yao moja kwa moja kwenye mabango ya barabarani, na walipoulizwa baadaye hawakuyatambua. Macho yalifanya kazi yake, lakini aliyepaswa kuipokea taarifa hakuwepo.

Na hayo yalikuwa mazungumzo ya kawaida. Sataranji inadai zaidi. Mazungumzo huruhusu kunyamaza, kusema “ngoja kidogo”, kusahau ulikuwa unasema nini. Ubao wa kichwani hauruhusu. Ukiuachia unaweza kupotea wote, na mchezaji anajua hivyo, ndiyo maana hauachii. Mbaya zaidi, zamu ya mpinzani si mapumziko. Wakati yeye anafikiri, wewe unafikiria anachofikiria. Kwa dakika 40 hakuna hata nafasi moja ambayo barabara inapata kichwa kizima.

Watetezi hunijibu kwa ushahidi wa gari lenyewe: mbona linashika njia vizuri, haliyumbi, haligusi mstari? Ni kweli, na nitawaongezea nguvu. Mwaka 2011 watafiti wawili, Paul Atchley na Mark Chan, walichapisha utafiti wa madereva waliochoshwa na barabara ndefu isiyobadilika. Walipopewa kazi ya maneno mwishoni mwa safari, walilishika gari njiani vizuri zaidi. Wapenda michezo ya usukani wanaweza kuuning’iniza utafiti huo ukutani. Lakini kushika njia ndiyo sehemu ya udereva ambayo mwili huifanya bila kuagizwa. Anayejua kuendesha baiskeli hahitaji kufikiri ili asianguke. Kazi ya dereva ipo pengine: kuona kwamba basi lililosimama pale mbele lina miguu ya watoto nyuma ya matairi yake, kwamba ng’ombe wa kwanza akishavuka wapo wa pili na wa tatu, kwamba yule mwendesha baiskeli mwenye magunia matatu ya mkaa hataweza kukaa pembeni upepo wa lori ukimpiga. Hivyo vyote ni kukisia kunakofanywa mapema, na kukisia ndiko kunakotumia sehemu ileile ya akili inayohesabu hatua tatu za malkia. Gari lisiloyumba linamdanganya dereva kwamba yupo kazini.

Kisha huja neno ambalo kwetu humaliza kila mjadala: uzoefu. “Mimi nina miaka 20 barabarani.” Basi tuwaulize wazoefu wa fani nyingine. Mwaka 2013 watafiti watatu nchini Marekani waliwapa madaktari bingwa 24 wa kusoma picha za mionzi kazi yao ya kila siku, kutafuta vivimbe vidogo kwenye picha za mapafu. Ndani ya picha hizo walikuwa wamepachika umbo la sokwe, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Vipimo vya macho vilionyesha kwamba wengi wao walimtazama palepale alipo. Ujuzi wao uliwafundisha kutafuta vivimbe, wakatafuta vivimbe. Miaka 20 ya barabarani humfundisha mtu barabara ilivyokuwa jana. Kwa kile ambacho hakijawahi kutokea hapo, mzoefu anahitaji nafasi kichwani sawasawa na mwanafunzi wa udereva mwenye herufi L.

Wapo watakaonitajia Timur Gareyev, na wana haki. Mwezi Desemba 2016, huko Las Vegas, bingwa huyo mzaliwa wa Uzbekistan alicheza sataranji na watu 48 kwa mpigo, macho yamefungwa, akiwa anaendesha baiskeli. Alishinda michezo 35, akatoka sare 7, akafungwa 6. Mambo mawili kwa wakati mmoja, tena makubwa! Ila ile baiskeli ilikuwa ya mazoezi, imefungwa sakafuni. Haikuwa na kona, tuta, wala mbuzi. Hata mtu mwenye kichwa cha aina hiyo, anayebeba mbao 48 kwa kumbukumbu, hakwenda kuzicheza akishuka mlima Kitonga.

Hoja ninayoiheshimu ni ya usingizi. Madereva wa malori hawasemi uongo wanapoeleza kinachotokea kuanzia saa nane usiku, barabara imenyooka, taa za mbele zinakula mstari mweupe, na kontena linatakiwa Tunduma kabla ya foleni ya mpaka. Wengine hutafuna mirungi. Wengine hufungua dirisha, huimba, hujipiga makofi. Mtu wa sataranji anasema: si afadhali mimi, kichwa changu kinafanya kazi? Hapa pana mkanganyiko unaoua watu. Kuchoshwa na barabara na kuwa na deni la usingizi ni vitu viwili. Cha kwanza kinaweza kupunguzwa na redio, hadithi, hata utingo mcheshi. Cha pili hulipwa kwa kulala tu. Aliyekesha siku mbili atasinzia akiwa katikati ya shambulizi la ushindi, tena atakuwa ametumia akiba yake ya mwisho ya akili kumlinda mfalme wa kufikirika. Ulaya wameliweka hilo katika sheria: dereva wa lori akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kuzidi saa tisa za usukani kwa siku. Hawakumwandikia michezo ya kumchangamsha. Walimwandikia kitanda.

Nimemtaja utingo. Kuna anayeuliza, je, mpinzani akiwa ameketi palepale kwenye kiti cha pembeni? Ni nafuu kidogo, kwa sababu naye anaiona barabara. Drews, Pasupathi na Strayer walionyesha mwaka 2008 kwamba abiria hubadilisha maongezi kufuatana na hali ya barabara, hunyamaza panapobana, huonyesha kona ya kuingia, jambo ambalo mtu wa simuni hawezi. Lakini utingo anayecheza ni mtu wa pili aliyetingwa. Tumekuwa na jozi mbili za macho ndani ya kabini, tukazipeleka zote mbili kwenye ubao usiokuwepo.

Watengenezaji wa magari nao wameikuza imani hii, na wao hawana kisingizio cha uchovu. Tesla iliweka sataranji kwenye kioo cha magari yake mwaka 2019, ichezwe gari likiwa limeegeshwa. Hilo sina ugomvi nalo. Kisha, kuanzia Desemba 2020, baadhi ya michezo kwenye kioo kilekile ikaruhusiwa gari likiwa mwendoni, eti kwa ajili ya abiria wa mbele. Ulinzi wake ulikuwa kitufe: mchezaji athibitishe kwamba yeye ni abiria. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipofungua uchunguzi Desemba 2021, magari yaliyohusika yalikadiriwa kufika 580,000. Kampuni ilikubali kuuzima mpango huo mara moja, jambo linaloonyesha jinsi ulivyokuwa hauna utetezi.

Na hapo tunazungumzia magari yanayomsaidia dereva kuendesha. Mwezi Machi 2018, huko Mountain View, California, gari la kampuni hiyohiyo, mfumo wake wa Autopilot ukiwa umewashwa, lilikwenda kugonga kizuizi cha barabarani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Dereva alifariki. Wachunguzi walikuta kwamba mchezo ulikuwa ukiendelea kwenye simu yake, na kwamba hakukanyaga breki wala kukata usukani. Gari lilipotaka mtu hapakuwa na mtu. Mercedes walipopata kibali Ujerumani mwishoni mwa 2021 cha mfumo unaomruhusu dereva kugeukia mambo mengine, kilikuwa cha barabara kuu maalumu na mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Humo acheze, kwa maana gari ndilo linaloendesha naye amekuwa abiria mwenye leseni. Gari la namna hiyo silioni Ubungo wala Mlolongo.

Sheria ndizo zilizotufundisha kuogopa mkono na kusamehe kichwa. Uingereza ilipiga marufuku simu ya mkononi kwa dereva mwaka 2003, lakini marufuku ilihusu mawasiliano. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikathibitisha kuachiwa kwa dereva aliyekuwa akipiga video ya ajali, kwa kuwa kupiga video si kuwasiliana. Ilibidi sheria irekebishwe Machi 2022 ili kutaja kupiga picha na kucheza michezo, na mpaka sasa kosa ni kushika. Kenya nako faini ya kutumia simu gari likiwa mwendoni ni shilingi 2,000, na trafiki hutazama kilichoko mkononi, kwa kuwa ndicho anachoweza kukiona. Simlaumu. Hakuna kipimo cha kupuliza kinachoonyesha malkia yuko nyumba ipi. Lakini kisichoonekana na trafiki tumekifanya kuwa halali, kisha tukakiita salama.

Anayeweza kukigusa ni mwenye gari. Yeye ndiye anayempigia dereva simu saa tisa usiku kumuuliza amefika wapi, na ndiye anayelipa kwa tripu badala ya kwa saa, mpaka kulala Mikumi kunageuka kukatwa mshahara. Kampuni inayobandika “Endesha kwa usalama” mgongoni mwa trela inaweza kuanza wiki hii kwa amri mbili: ofisi isimpigie simu dereva aliye mwendoni, na dereva anayeegesha alale alipwe muda wake wa kulala. Akiamka, sataranji aicheze kwenye meza ya mama ntilie, chai ikiwa pembeni, injini imezimwa na funguo zipo mfukoni.