KIPIMO CHA MTO KISEME, NA SISI TUSIKIE



Mafuriko ya Aprili 2024 hakuna aliyeyasahau hapa Rufiji na Kibiti. Mpunga ulizama, nyumba zilianguka, watu wakahamishwa kwa mitumbwi. Lakini maji yenyewe siyo adui. Mto usipofurika hatupati udongo mpya wala mlau. Adui ni kufikiwa na maji bila habari.

Siku hizi viko vipimo vya kusimika mtoni na mashambani. Kimoja hupima kina cha maji, kingine chumvi, kingine mvua. Kazi ni kuzifikisha habari zake. Huku kwenye mikoko simu hushika hapa, ikakatika pale.

Dawa mojawapo ni setilaiti ndogo. Ziko zilizo kama kisanduku, sentimeta 10 kila upande. Hiyo huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Ni sawa na mashua inayopita gatini: inapokea barua za kipimo, inaziweka, halafu inazishusha kwenye kituo kingine chenye watu wa kuzisoma. Mwaka 2018 Ufilipino, Bhutan na Malaysia walipeleka angani setilaiti za namna hiyo kujaribu kazi hii hii. Na jirani zetu Uganda mwaka 2022 walipeleka ya kwao, PearlAfricaSat-1, iliyoshughulikiwa na vijana wao watatu waliokuwa wakisoma Japani. Basi mtu asiseme mambo haya ni ya mataifa makubwa tu.

Lakini tusidanganyane. Setilaiti moja ya namna hiyo hupita juu yetu mara chache tu kwa siku. Kwa mto unaopanda siku hadi siku, inafaa. Kwa chumvi inayoingia mashambani pole pole, inafaa sana. Kwa maji yanayofunguliwa ghafla bwawani, haitoshi. Hapo panatakiwa simu ya mara moja na mtu wa kupiga mbiu.

Jambo kubwa ni hili: habari ikitoka mtoni kwetu, ikapanda angani, ikashuka mjini, isiishie mezani kwa wataalamu. Irudi huku kwa Kiswahili, mwenye shamba ajue avune leo au angoje.

Kwa hiyo natoa rai tatu:

1. Mradi wowote ukija kuweka kipimo, tuuulize kwanza majibu yatarudi kwetu kwa njia gani na baada ya muda gani. Halmashauri ya kijiji iliandike jibu.

2. Kipimo kikisimikwa ni mali yetu. Asifunge mtu mtumbwi hapo, wala asichomoe betri.

3. Tusikae kungoja. Tusimike mti wenye alama mtoni sasa. Waliohitimu kisomo wasome kila asubuhi na kuandika katika daftari. Siku kipimo cha kisasa kitakapokuja, daftari hilo litatuonyesha kama kinasema kweli.

Kujua kusoma ni pamoja na kuusoma mto.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji