Kabla Maiti Hajaoshwa



Katika daftari la mazishi la msikiti wetu imo safu ya sababu ya kifo. Mwaka juzi niliandika humo "presha" kwa kijana wa miaka 22, kwa kuwa wazee wake walinisihi hivyo, ilhali rafiki zake walikuwa wakinong'ona habari ya kijipakiti alichovuta jioni ile. Hakuna aliyechukua tone la damu. Alasiri tukamzika, na kijipakiti kikatupwa jaani.

Nililikumbuka daftari hilo niliposoma habari za Sierra Leone, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Huko vijana wameangamizwa na kilevi kiitwacho kush, majani yaliyonyunyiziwa kemikali, hata Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya hatari Aprili 2024. Uvumi ulienea kwamba siri ya kush ni mifupa ya wafu, na polisi wakawekwa kulinda makaburi ya Freetown. Vipimo vilivyotangazwa Februari 2025 na shirika la Global Initiative pamoja na Taasisi ya Clingendael ya Uholanzi vilionesha jambo jingine: sampuli nyingi zilikuwa na nitazini, na nyingine bangi bandia ya maabara. Makaburi yalilindwa, na sumu ikaendelea kuingia kutoka ng'ambo.

Sumu hizo mbili hazifanani. Nitazini ziliundwa miaka ya 1950 na wakemia wa kampuni ya Ciba ya Uswisi waliokuwa wakitafuta dawa ya maumivu. Hazikupata kuuzwa hospitalini, lakini kuanzia 2019 zikaibuka mitaani. Huutuliza ubongo kama heroini ifanyavyo, mpaka pumzi ikakatika. Aliyezitumia, akiwahiwa, naloksoni yaweza kumrudishia pumzi, ingawa pengine kwa dozi zaidi ya moja. Bangi bandia hutia degedege na kuvuruga mapigo ya moyo, na kwayo naloksoni haisaidii kitu. Kwa hiyo jibu la maiti mmoja ndilo linalomwambia daktari awaandalie nini wenzake waliovuta kutoka pakiti ile ile.

Jibu hilo halionekani kwa macho. Mapafu yaliyojaa maji hukutwa katika vifo vya namna nyingi. Wala kipimo cha haraka cha mkojo hakitoshi, kwani hutafuta umbo la mofini, na nitazini hazina umbo hilo. Kikisema "hakuna", mzazi hufarijika bure. Mtaalamu hupendelea damu ya mshipa wa paja kuliko ya moyo, maana baada ya kifo dawa iliyomo katika ini na mapafu huvuja, ikaifanya damu ya moyo ionekane na sumu nyingi kuliko ilivyokuwa. Damu hiyo huhifadhiwa kwenye baridi, kisha hupitishwa katika mtambo unaopima uzito wa molekuli na vipande vyake na kuvilinganisha na kielelezo kinachojulikana. Hapo ndipo watengenezaji wanapocheza: hubadili kipande kidogo tu cha molekuli, na kielelezo cha jana hakifai tena. Na hata sumu ikipatikana, mtaalamu mwadilifu hasemi papo hapo kwamba ndiyo iliyoua. Huuliza kama marehemu alikuwa amezoea, kama alimeza na vidonge vya usingizi, na alikutwa katika hali gani.

Wengi huchelea kumvunjia maiti heshima, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu mwaka 1987 uchunguzi wa maiti ili kujua sababu ya kifo chenye shaka, kwa kadiri ya dharura tu. Kutoa damu pajani kwa sindano ni jambo dogo kuliko hilo. Hapa Tanzania sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu huchukua muda, ila mazishi hayana haja ya kuyasubiri. Kinachotakiwa ni familia kuwaeleza ukweli polisi na daktari kabla maiti hajaoshwa, na kuikabidhi ile pakiti badala ya kuichoma.

Lile neno "presha" sijalifuta. Mdogo wake marehemu, aliyevuta naye jioni ile, yu hai bado, na hakuna awezaye kumwambia alivuta nini.