Alabama na kitendawili cha kwotabeki: Je, Saban alikosea kumweka Milroe benchi?

KIPIGO cha pointi 34 kwa 24 ambacho timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Alabama ilikipata kutoka kwa Chuo Kikuu cha Texas, Septemba 9, 2023, hakikuwa kipigo cha kawaida. Kilitokea nyumbani, mjini Tuscaloosa, katika uwanja wa Bryant-Denny unaochukua watazamaji zaidi ya 100,000, na kilikatisha mfululizo wa ushindi wa mechi 21 katika uwanja huo. Tangu kocha Nick Saban aanze kuifundisha timu hiyo mwaka 2007, hakuwahi kufungwa nyumbani kwa tofauti ya pointi 10 au zaidi.

Kilichoongeza uchungu ni kwamba aliyemfunga alikuwa mwanafunzi wake. Steve Sarkisian, kocha wa Texas, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashambulizi ya Alabama katika misimu ya 2019 na 2020.

Usiku huohuo lawama ziliiacha timu nzima na kumwangukia kijana mmoja wa miaka 20, Jalen Milroe. Wiki moja baadaye Milroe alikaa benchi mechi nzima bila kugusa mpira. Wiki iliyofuata alirudishwa, na hakuondolewa tena. Hadi leo mashabiki wa Alabama hawajakubaliana iwapo uamuzi ule wa kumketisha ulikuwa hekima ya kocha mzoefu, au fadhaa ya mzee aliyefungwa nyumbani kwake.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huo wa Marekani, inafaa kueleza uzito wa nafasi yenyewe. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulio. Ana sekunde tatu hivi za kuamua: aurushe kwa mwenzake aliye mbele, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake wapo wachezaji watano wanaomkinga, na nje ya ukuta huo wapo wapinzani wenye uzito wa kilo zaidi ya 100 kila mmoja, wenye nia ya kumwangusha. Timu inaposhinda hupewa sifa kupita anazostahili, na inaposhindwa hubebeshwa mzigo ambao sehemu kubwa si wake. Hali yake haina tofauti sana na ya golikipa.

Milroe alirithi viatu vikubwa. Kwotabeki aliyemtangulia, Bryce Young, alichaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa ligi ya kulipwa ya NFL mwaka 2023. Milroe mwenyewe alikuwa na mechi moja tu ya kuanza, ile ya Oktoba 2022 dhidi ya Texas A&M, Young alipokuwa majeruhi. Alabama ilishinda 24 kwa 20, lakini Milroe alipoteza mpira mara kadhaa na kuwaachia watu shaka. Kwamba ni mkimbiaji hodari hakuna aliyebisha. Lililobishaniwa ni kama ana jicho la kurusha.

Mechi ya Texas iliwapa hoja wale waliokuwa na shaka hiyo. Alikamilisha pasi 14 kati ya 27, akapata yadi 255 na mabao mawili, lakini pasi zake mbili zilinaswa na wapinzani. Katika mchezo huu pasi ikinaswa, timu hupoteza nafasi na mara nyingi hupoteza uwanja pia. Kwa mashabiki waliozoea utulivu wa Young, hilo lilitosha kutoa hukumu.

Hata hivyo, takwimu nyingine za mechi hiyo zinasimulia habari tofauti. Alabama iliingia robo ya mwisho ikiwa mbele kwa pointi 16 kwa 13. Katika robo hiyo moja, Texas ilifunga pointi 21. Kwotabeki wa Texas, Quinn Ewers, alimaliza na yadi 349 na mabao matatu bila pasi yake hata moja kunaswa. Pointi hizo 21 ziliruhusiwa na safu ya ulinzi, na kwotabeki si mmoja wa walinzi. Isitoshe, Milroe aliangushwa na mpira mikononi mara tano, jambo linalousema zaidi ukuta uliopaswa kumkinga kuliko yeye mwenyewe. Makosa mawili yalikuwa yake na hakuna wa kuyakana, lakini kuyafanya mawili hayo kuwa sababu ya kipigo kizima ni hesabu ya hasira.

Saban alikuwa na makwotabeki wengine wawili. Wa kwanza ni Tyler Buchner, aliyewasili mwezi Aprili 2023 akitokea Notre Dame, chuo alikotoka pia msimamizi mpya wa mashambulizi, Tommy Rees. Wa pili ni Ty Simpson, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kikosini. Ujio wa Buchner ulikuwa umeshazua minong'ono kwamba Rees hakuridhika na aliowakuta, akaamua kuleta wa kwake.

Ndipo ikaja Septemba 16 mjini Tampa, dhidi ya Chuo Kikuu cha South Florida, timu iliyokuwa imeshinda mechi moja tu msimu wote wa 2022. Buchner alianza. Mvua ilisimamisha mechi, na iliporejea, mashambulizi ya Alabama yaliendelea kukwama kana kwamba mvua haijakatika. Buchner alikamilisha pasi tano kati ya 14 kwa yadi 34, akaondolewa. Simpson aliyechukua nafasi yake alikamilisha tano kati ya tisa kwa yadi 73. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa 3 kwa 3. Alabama ilishinda hatimaye kwa pointi 17 kwa 3, na ni mara chache washindi wameondoka uwanjani wakiwa wanyonge kiasi kile.

Kilichoonekana Tampa kwa watu wengi ni kwamba tatizo halikuwa Milroe. Makwotabeki wengine walisimama mahali palepale, nyuma ya ukuta uleule, dhidi ya wapinzani dhaifu zaidi, wakafanya vibaya kuliko yeye. Jumatatu iliyofuata, Septemba 18, Saban alitangaza kwamba Milroe angeanza dhidi ya Ole Miss, na akataja uongozi aliouonyesha kijana huyo katika wiki aliyokaa nje.

Hapo ndipo mjadala unapogawanyika. Wanaomtetea Saban husema alijua atakachokiona Tampa. Kwa maelezo yao, kocha huyo aliitumia mechi nyepesi kuwaonyesha wote, wachezaji, wasaidizi na mashabiki, kwamba hakuna mbadala aliyefichwa, na akamjaribu Milroe kwa kipimo kigumu kuliko mazoezi: atakaaje akinyang'anywa nafasi? Wanaompinga wanasema huko ni kumpamba mtu baada ya matokeo kujulikana. Kama Buchner angerusha mabao matatu siku ile, Milroe angekuwa historia, na hekima hiyo ingepewa jina jingine.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Kocha anayefanya jaribio la kweli hukubali majibu yote mawili, na jibu moja kati ya hayo mawili lilikuwa mwisho wa Milroe katika chuo hicho. Wala Saban hakuwa mgeni wa maamuzi ya aina hiyo. Januari 8, 2018, katika fainali ya taifa dhidi ya Georgia mjini Atlanta, alimtoa Jalen Hurts wakati wa mapumziko timu ikiwa nyuma kwa pointi 13 kwa 0, akamwingiza Tua Tagovailoa aliyekuwa mwaka wa kwanza. Alabama ilishinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Kumbukumbu ya usiku ule ndiyo inayowafanya mashabiki wa Alabama waamini kwamba kila tatizo lina dawa iliyokaa benchi.

Wanachokisahau ni kilichofuata. Hurts alivumilia msimu mzima nyuma ya Tagovailoa, akaiokoa timu dhidi ya Georgia hiyohiyo Desemba 2018, kisha akahamia Oklahoma. Februari 2025 aliiongoza Philadelphia Eagles kutwaa ubingwa wa NFL na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali. Kwotabeki aliyetolewa usiku ule hakuwa mbovu.

Lipo jambo jingine katika sakata la Milroe ambalo uwanjani halionekani. Desemba 2023 alisema hadharani kwamba msimamizi wa zamani wa mashambulizi, Bill O'Brien, aliwahi kumwambia kuwa hakufaa kucheza kwotabeki. Si haki kumpachika O'Brien nia ambayo hakuitamka, kwani makocha huwahamisha vijana nafasi kila mwaka kwa sababu za kiufundi. Lakini kwa mchezaji mweusi wa nafasi hiyo, katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, maneno hayo yana historia ndefu.

Condredge Holloway, kijana wa Huntsville, jimboni Alabama, alikuwa mweusi wa kwanza kuanza kama kwotabeki katika ligi ya SEC, mwaka 1972. Aliichezea Tennessee badala ya chuo cha jimbo lake, na kwa maelezo yake mwenyewe ni kwa sababu kocha wa Alabama wa wakati huo, Bear Bryant, alimweleza kwamba jimbo halikuwa tayari kwa kwotabeki mweusi. Warren Moon alikwenda kucheza Kanada mwaka 1978 baada ya NFL kumpuuza. Wengi wengine walikubali kubadilishwa wakawa wapokeaji au walinzi, na majina yao hayakumbukwi kwa kile walichotaka kuwa. Februari 2023, miezi saba kabla ya mechi ya Texas, fainali ya NFL ilikuwa kwa mara ya kwanza na makwotabeki weusi pande zote mbili: Patrick Mahomes na huyohuyo Hurts. Hali imebadilika mno, ila haijabadilika kiasi kwamba kijana akiambiwa "hii si nafasi yako" asiyakumbuke ya nyuma.

Fedha nazo zimeingia. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka huohuo kanuni zililegezwa ili mchezaji aweze kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Saban mwenyewe alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Kumketisha kwotabeki katika mazingira hayo ni kugusa kipato chake na kumfungulia mlango wa kuondoka. Milroe hakupita katika mlango huo. Hilo, kuliko pasi yoyote, ndilo lililomgeuza kocha wake.

Yaliyofuata yanajulikana. Dhidi ya Ole Miss alikamilisha pasi 17 kati ya 21 kwa yadi 225, na Alabama ikashinda 24 kwa 10. Novemba 25, ugenini kwa watani wao wa jadi Auburn, ikiwa nyuma kwa pointi 24 kwa 20 na muda ukiyoyoma, Alabama ilijikuta katika jaribio la nne na la mwisho, yadi 31 kutoka eneo la kufungia. Milroe akarusha pembeni, Isaiah Bond akadaka, mechi ikaisha 27 kwa 24. Wiki moja baadaye waliifunga Georgia, iliyokuwa haijashindwa katika mechi 29 mfululizo, kwa idadi hiyohiyo ya pointi, na kutwaa ubingwa wa SEC.

Kwa ushindi huo Alabama iliingia katika mtoano wa timu nne wa kuwania ubingwa wa taifa, na Florida State, iliyoshinda mechi zake zote 13, ikaachwa nje kwa kuwa kwotabeki wake, Jordan Travis, alikuwa ameumia. Pengine hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa jinsi mchezo mzima ulivyojifunga kwa mtu mmoja: kamati iliyopima timu kwa matokeo ya miezi mitatu iliamua kwa kutazama mguu wa kijana mmoja.

Safari iliishia Pasadena, Januari 1, 2024. Michigan ilishinda 27 kwa 20 katika muda wa nyongeza, baada ya Milroe kuzuiwa yadi chache kabla ya mstari katika jaribio la mwisho. Ukuta wake ulikuwa umemruhusu aangushwe mara sita siku hiyo. Januari 10 Saban akatangaza kustaafu.

Je, alikosea? Wenye kusema ndiyo wanao msimu wa 2023, ambao Milroe aliumaliza akiwa na mabao 23 ya pasi dhidi ya pasi sita tu zilizonaswa, pamoja na mabao 12 ya kukimbia, na akashika nafasi ya sita katika kura za tuzo ya Heisman. Wenye kusema hapana wanao msimu wa 2024, chini ya kocha Kalen DeBoer, ambamo pasi zilizonaswa zilipanda hadi 11 na mabao ya pasi yakashuka hadi 16, ingawa alifunga 20 kwa miguu yake. Kwa hiyo shaka kuhusu mkono wake haikuwa ya kuzusha. Timu ya Seattle Seahawks ilimchukua katika raundi ya tatu ya uteuzi wa NFL mwaka 2025, raundi wanayochukuliwa wale ambao vilabu vinawapenda bila kuwaamini kikamilifu. Kosa la Saban, kama lipo, lilikuwa kuijibu shaka halali wakati na mahali ambapo jibu lake lingetafsiriwa na dunia nzima kuwa adhabu ya kipigo.

Buchner alirejea Notre Dame. Simpson, yule wa Tampa, alibaki Tuscaloosa akisubiri hadi Agosti 30, 2025, alipoanza kwa mara ya kwanza, na Alabama ikafungwa 31 kwa 17 na Florida State, timu ileile iliyoachwa nje mwaka 2023. DeBoer hakumbadilisha. Jumamosi iliyofuata Simpson alirusha pasi 17, zote zikadakwa, na Alabama ikaifunga Louisiana-Monroe kwa pointi 73 kwa 0.