Gari la rimoti kuvunjika si aibu, aibu ni kukosa spea

Ijumaa iliyopita mwanangu alirudi kutoka mchangani amelibeba gari lake la rimoti kama mgonjwa. Mkono wa tairi la mbele umekatika. Mama yake akauliza: "Si ndilo hilo mlilolitolea riali zote zile?" Ndilo. Lakini sikukasirika. Kipande chenyewe ni plastiki ya bei ndogo, tulikuwa nacho cha akiba, na baada ya skrubu chache mtoto akatoka tena.

Wengi wetu hapa Oman tunadhani gari zuri ni lile lisilovunjika. Mimi sikubali. Gari likigonga jiwe kwa kasi, ile nguvu lazima iende mahali. Mtengenezaji mwenye akili huuacha mkono wa plastiki ukatike ili boksi la gea lipone, kama fyuzi inavyokatika nyumba isiungue. Ukitia mikono ya alumini kwa sababu inang'aa, mkono hautakatika, utapinda, au utapasua kile kinachoushikilia. Ukifunga mota yenye nguvu zaidi, gea za plastiki zitasagika. Ukibadili gea, zamu ya ekseli. Kila ukiboresha kimoja, kingine kinaanza kudai, na pesa ni zako.

Hapo ndipo biashara yao ilipo. Gari huuzwa mara moja, spea huuzwa miaka. Tamiya wa Japani, kwa mfano, magari yao mengi ya kuunga mwenyewe huja na bushi, halafu beringi unanunua mbali. Wapo wanaosema huo ni wizi. Mimi naona ni njia ya kumshushia bei anayeanza, ingawa kwa sisi wa mchangani beringi zilizofunikwa vizuri si anasa. Na tuwape haki yao: gari lao la Grasshopper lilitoka 1984, wakalirudisha sokoni 2005. Kuna wazee wenzangu walilipata upya gari la utoto wao.

Tena soko lina dawa yake. Kampuni ya RPM ya Marekani inatengeneza mikono ya nailoni kwa magari ya wengine, na inatoa dhamana ikivunjika. Mtengenezaji akizidisha tamaa, jirani anauza.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Gari letu la kwanza, la kampuni nisiyoitaja, lilisagika gea moja ndogo wiki ya pili tu. Gea peke yake hawauzi. Wanauza boksi zima, karibu theluthi ya bei ya gari. Mpaka leo limelala kabatini. Kuuza spea ni halali yao, lakini huko ni kumshika mteja shingo.

Basi ndugu yangu, kabla hujamnunulia mtoto gari la sikukuu, usimuulize muuzaji linakwenda kasi gani. Muulize kipi huvunjika kwanza, kinauzwa peke yake, na kipo dukani leo? Akibabaika, ondoka.

Hili letu, mtoto akilichoka, litakwenda Unguja kwa binamu yake. Nitatia begini mikono minne na bisibisi, maana kule spea zake ni za kutafuta kwa tochi, na mtoto afundishwe kufungua kabla hajafundishwa kuendesha.